Silabi ya Nane

Nimewasha taa yangu, makaratasi ni tele,
Hombolo haina wingu, umekauka uwele,
Kalamu yenye machungu, nyekundu kama upele,
Nawinda kosa la yule, na la huyu, nang'amua.

Niliwafunza darasa: mizani nane kwa nane,
Kina kama waya hasa, mizabibu ishikane,
Neno likizidi, kosa: likatwe, shina lipone,
Zabibu huwa ni nene matawi yakipungua.

Sasa shairi la Nyemo, limekunjwa pembe zake,
Kichwa chake ni “Kilimo”, shamba ni la mama yake,
Beti sita, zote zimo, kituo mahali pake,
Tiki kubwa niiweke, mkono nikanyanyua.

Lakini sina papara, vidole ndivyo mizani,
Nagonga mara kwa mara, silabi moja mezani,
Beti mbili ni imara, wa tatu, ukwapi duni:
Kidole kiko hewani, hakipati pa kutua.

“Mama angoja mvua” — narudia, nahesabu,
Ni saba, nimetambua, ya nane iko ghaibu,
Nyemo neno kapasua: m-vu-a, bila aibu,
Mbili tu, kwa taratibu, ndivyo ninavyoijua.

Mvua perege, sawa, huyo ni silabi tatu,
Ashindaye kwenye bwawa, hata asipate kitu,
Ya angani yagawiwa mbili kwa sarufi yetu:
Haba kwenye shamba letu, na mizani yapungua.

Asubuhi nikamwita: “Nyemo, lako limepwaya.”
Hakulia, hakusita, wala hakuona haya:
“Mwalimu, mama huita taratibu, akigwaya,
Hukaza midomo, taya, ndipo neno hufumbua.

“Amepanda mara mbili, mchwa wakala karanga,
Wingu hupita kwa mbali, latupita likitanga,
Sauti hiyo ni kweli, humo subira hujenga,
Ukiikata kwa panga, kitakachobaki, jua.”

Nikarudi kwenye kiti, wino ukawa mzito,
Kanuni siisaliti, saba ni saba, si ndoto,
Nimekata moja, eti, nikafuta kwa majuto.
Usiku, juu ya mto, nami nangoja mvua.