Chuma Chakavu, Ukumbi wa Reli, Tabora

Tiketi elfu tano. Enzi zile ilikuwa mia mbili
na bado tuliruka ukuta.
Leo nimelipa, nikapigwa muhuri wa zambarau mkononi
kama nyama iliyokaguliwa na bwana afya.

Ukumbi ni uleule. Pangaboi moja linazunguka,
mawili yamekufa. Wameleta viti vya plastiki
(zamani nani alikaa?)
na kila aliyeingia alitafuta kwanza kiti, kisha rafiki.

Miaka ishirini na miwili hawakusemezana.
Wapo waliosema ni fedha, wapo waliosema ni Kalunde.
Kalunde ndiye mimi.
Si mimi. Ni amplifaya.
Nkwabi aliiuza Urambo, mwaka tumbaku ilipokosa mnunuzi,
apate sanda ya mama yake, asimwambie mtu.
Mlela alipoikuta haipo, alichukua gitaa lake mwenyewe,
akalilaza relini, akangoja treni ya Mpanda.
Treni ilichelewa saa tisa.
Alingoja.

Sasa wanapanda jukwaani, taratibu,
kama wagonjwa wangu wanavyopanda mzani.
Mlela kanenepa; anauza asali Ipuli,
nyuki wa miyombo ndio waliomnunulia shati lile.
Nkwabi ana miwani iliyofungwa kwa uzi.
Masesa wa ngoma ni mzee wa kanisa pale Moravian,
nyumbani kaaga anakwenda kikao cha msiba,
na kweli, kavaa suti ya msiba.
Besi anapiga binti wa Kidaha. Kidaha mwenyewe tulimzika mwaka juzi,
siku Mlela na Nkwabi walipopokezana koleo moja
bila neno,
udongo ukiisha huyu anamwachia yule mpini ungali na joto.

Hawakutusalimia. Mlela aligeuza kitufe
na sauti ile
(bati linaburutwa juu ya lami,
na ndani ya bati mtu analia kwa adabu)
ikapiga ukuta, ikarudi, ikanikuta
nina miaka kumi na tisa, viatu kwapani.

Mji huu ulizoea magitaa yanayoongea kama wakwe:
hodi, karibu, starehe, habari za huko.
Hawa walitoka karakana, wanafunzi wa kuchomelea,
wakataka muziki unaoruka cheche.
Baba alisema, hao hawapigi, wanagongana.
Alisema hivyo akiwa dirishani,
na dirisha hakulifunga.

Wimbo wa tatu, Mlela akasahau maneno.
Si neno moja. Ubeti mzima.
Akasimama mdomo wazi, jasho likimshuka kidevuni,
na gitaa la Nkwabi likazunguka palepale,
mara moja, mara ya pili, mara ya nne,
likimngoja jinsi unavyomngoja mgonjwa nje ya choo,
bila kugonga mlango.

Kisha Nkwabi akasogelea maikrofoni.
Nkwabi ana kigugumizi; hajawahi kuimba hata kanisani.
Akausema ubeti. Hakuuimba, aliusema,
akijikwaa kwenye kila k, akiinuka,
na Masesa akapunguza mkono, akamfuata kwa mwendo wake,
ngoma nayo ikijikwaa.
Muuza karanga aliacha kutikisa kopo.
Mlela akaitikia mwishoni, macho chini,
akamsogezea Nkwabi chupa yake ya maji kwa mguu.
Kama palikuwa na samahani, ndiyo ile chupa.

Binti wa Kidaha hakutazama yeyote.
Ana umri niliokuwa nao mimi. Anatafuna bazoka.

Saa sita tukatoka, masikio yakivuma kama mzinga.
Langoni nikamwona mke wa Masesa,
kajifunika kitenge, kabaki macho tu.
Tukaangaliana. Akaweka kidole mdomoni,
na kwenye mkono ule ule ulioninyamazisha
muhuri wa zambarau, mbichi bado.

Asubuhi Kitete, wodi namba tatu, naosha mikono.
Sabuni mara mbili.
Sikuusugua sana.