Pakiti Mbili

Dukani kwa Kowalczyk, Buffalo, theluji ikipiga kioo,
Lorraine ameshika pakiti mbili kama anayepima chumvi.
Nyuzi za mviringo zinameta, na zina umbeya:
kidole kikihama tu, zinasema.
Hizi bapa bei yake mara mbili,
laini kama sarafu iliyochakaa.
"Zitakuulia ung'avu," muuzaji aonya.
Ndicho anachotaka.
Tangu Desemba Alvin hulala chumba cha pili, na kifua chake,
na mkwaruzo mmoja wa usiku humwamsha.

Analipa.
Nyumbani anaukaza uzi wa sita, mnene,
anateleza toka kituo cha tatu hadi cha saba.
Kimya. Kisha noti, nzito,
kijiko ndani ya uji.

Ng'ambo ya ukuta, kikohozi.
"Lorraine?
Mbona leo sisikii vidole vyako?"