Tabaka la Sita

Lilikuja Februari, ndani ya boksi jembamba:
mwili uchi, mbao nyeupe isiyo na harufu,
shingo pembeni kama ya kuku aliyechinjwa,
na mfuko wa skrubu. Nikazihesabu mara tatu.
Ishirini na tatu. Karatasi inadai ishirini na nne.

"Mama," akasema Jagoda kwenye simu,
"si ungemnunulia tu lililo tayari?"
Nikamwambia sisikii vizuri.
Nusu ya jibu hilo ni kweli.

Nikapiga msasa juu ya meza ya jikoni,
nikifuata mshipa wa mbao, nisiukate,
vumbi likatua kwenye siagi, kwenye miwani,
kwenye mgongo wa paka aliyekataa kuhama.

Kornel alitaka jeusi. Ana miaka kumi na mitatu,
kila chake cheusi: viatu, kucha, majibu.
Basi nikapaka jeusi.
Lakini chini kabisa, tabaka la kwanza,
nilipaka ule wekundu wa mlango wetu wa zamani,
mlango ambao mama yake aliubamiza
hadi bawaba zikasalimu amri.
Hajui. Atajua litakapochubuka ukingoni,
pale mkono unaposugua miaka nenda rudi.
Sitakuwepo kuulizwa.

Tabaka la sita lilinishinda.
Machi, baridi ya Mto Brda imejaa roshanini,
vanishi ikagoma kukauka, ikatoa tone,
tone likateremka mgongoni likaganda njiani.
Nikalikwangua. Likarudi.
Nikaliacha.

Siku hizi mikono yangu hutetemeka,
chai humwagika kabla haijauona mdomo.
Lakini pasi ya kulehemu iliposhika moto
na moshi wa risasi ukanipanda puani,
vidole vikatulia
kama darasa lililosikia hatua za mwalimu.
Miaka thelathini na mmoja nililehemu redio,
mstari wa pili, kiti cha tisa,
chini ya dirisha lisilofunguka.
Viungo vinne kila redio, redio mia mbili kila zamu.
Zikaenda majumbani mwa watu.
Sikuwahi kusikia hata moja ikitamka neno;
kwetu zilipita bubu,
sauti ilitiwa ukumbi wa jirani.

Nikaliwasha. Likanguruma kama nyuki chupani.
Siku mbili namtafuta nyuki huyo, waya kwa waya,
hadi nikamkuta kwenye waya wa ardhi:
kiungo baridi. Kinang'aa kama kimeshika,
kumbe kimeegemea tu.
Na ni changu mimi!
Kiwandani ningekatwa posho.
Nilikiyeyusha upya, nikakivutia pumzi,
nikangoja kigande bila kukipuliza.

Kisha, kwa kuwa sikio haliaminiki,
nikaweka kidevu kwenye pembe ya gitaa
nikaupiga uzi mnene.
Ukanipita taya, ukanipita meno,
ukaenda kukaa nyuma ya jicho.
Miaka sabini na minne, na ndiyo kwanza
kitu nilicholehemu kinanijibu.

Jumapili akaja. Asante hakusema.
Aliligeuza, akalipapasa mgongo,
ukucha mweusi ukasimama kwenye tone.
"Bibi, hii nini?"
"Saini," nikasema.
Akaikwaruza kidogo, kuona kama itatoka.
Haikutoka.

Akachomeka waya. Akapiga noti tatu,
zote mbovu, zote kwa nguvu za ng'ombe.
Chini, Bwana Gawroński akagonga bomba la joto.
Kornel akaniangalia, mkono hewani.
"Ongeza," nikamwambia,
nikabandika kiganja kwenye mbao
pale wekundu ulipolala.

Skrubu ya ishirini na nne
niliiazima kwenye mpini wa sufuria.
Tukala supu saa nane.
Niliibeba kwa mikono miwili, polepole,
mpini ukicheza.