Ukungu wa Aina Mbili

Huku Tukuyu neno ni moja kwa vitu viwili:
ukungu unaoshuka kutoka Rungwe saa kumi alfajiri,
na ukungu mweupe, wa manyoyamanyoya,
unaoota ndani ya kanda za video
kama uotavyo kwenye mkate wa juzi.
Mjomba Ambakisye alipigana na wa pili.
Wa kwanza aliuacha upite, maana una njia zake.

Kanda mia tatu na kumi na nne.
Nimezihesabu mara mbili, nimekalia gunia la mkaa
aliloliweka stoo linyonye unyevu.
Alizipata Tunduma, chini ya mitumba ya makoti;
alizipata Mwanjelwa, kwa mtu aliyedhani anauza maboksi;
nyingine kwa daktari wa misheni aliyerudi kwao
akaacha mbwa, majiko mawili, na shehena ya picha
ambazo ndani yake hakuna anayempiga mtu.

Vijana wa Kiwira walilipa hamsini hamsini bandani.
"Mzee, huyu mama anakunja shuka tangu tumeingia!"
Mjomba akajibu gizani: "Tazama mikono."
Wakarudishiwa hamsini zao.
Kesho yake akaweka karate, akalipa umeme,
na usiku, mabenchi yakiwa matupu,
akabaki yeye na mama wa mashuka.

Hakujua Kifaransa, wala Kijapani,
wala lugha ile yenye herufi zilizovaa kofia.
Maandishi ya chini yakikimbia, yeye aliangalia juu.
Tafsiri zake zimo kwenye daftari la mistari:
*Hapa mume anasema hatarudi.
Au anasema mvua. Uso ni uleule.*

Kuna moja, namba 88, jalada limeliwa na mende.
Mlinzi wa njia panda ya reli, nchi ya theluji.
Treni haiji. Anasafisha taa. Treni haiji.
Dakika themanini na mbili. Anainuka, anashika kitasa,
na hapo hapo, krrr, mistari ya kijivu,
theluji inageuka mvua
na ni uwanja wetu, mwaka wa tisini na tatu,
kipaimara cha kaka Lusajo,
mama yangu na sinia la ndizi, kanga imelowa,
anamkemea mwenye kamera:
"Zima hiyo, we! Njoo ushike sufuria!"
Halafu buluu.

Mpiga picha alikosa kanda tupu, akachukua iliyo karibu.
Mjomba hakusema naye miezi minne.
Kwenye lebo akaandika kwa penseli: MWISHO HAUPO.

Aliutafuta miaka kumi na tisa.
Aliandika barua. Aliwatuma madereva wa malori ya Zambia.
Hatimaye binti wa yule daktari akaleta diski
kwa posta, bahasha imejaa stempu za ndege.
Mwezi wa tatu wa mwaka huohuo tulikuwa tumemzika mama.

Mjomba naye alipoondoka, niliikuta haijafunguliwa.
Nailoni yake bado,
vumbi, na alama ya kidole gumba
pale mtu anapoanzia kuchana.

Jana nimeichana mimi.
Mlinzi anafungua mlango. Nje hakuna kitu. Anaufunga.
Basi. Majina yakaanza kupanda.
Nikacheka kidogo, peke yangu, nikaona aibu.

Leo nimeifungua namba 88: skrubu tano,
pamba, spiriti ya duka la Gwamaka, barakoa.
Nafuta utepe shubiri kwa shubiri,
maana ukungu ukiuvuta kwa pupa unaondoka na picha.
Nikikisia kuwa nipo kwenye theluji, napangusa.
Nikikisia kuwa nimefika kwenye mvua, nashusha pumzi kwanza.

Lebo sijaigusa.
Sufuria lile lipo hapa miguuni, limetoboka kitako;
ndimo ninamotupia pamba iliyochafuka.