Maelekezo kwa Wifi, Kabla Hajaingia Dukani

Wifi — wewe, Mwamini, siyo ile ya simu —
umeniuliza maduka ya Portland yakoje.
Nakujibu nikiwa kwenye foleni,
vitunguu vitatu, sabuni ya unga,
na chaji asilimia tisa.

Anza na glavu.
Usianze na sufuria, usianze na zawadi za watu.
Januari ya Maine haibishi hodi,
inaingilia vidoleni.
Chukua zenye manyoya ndani; zile nzuri za dirishani
ni za wenye magari.

Halafu ulimi wako uupumzishe.
Najua ulivyo huko Salvador:
Jumamosi, mkono kiunoni,
Kireno chako cha miezi minane
kikimteremsha Dona Jurema toka ishirini hadi kumi na mbili,
na bado anakuongezea ndimu.
Hapa bei ikishabandikwa imefunga ndoa.
Mimi nilijaribu, Mtaa wa Congress, duka la mataulo.
Nikamwuliza kijana bei ya mwisho.
Akadhani nataka taulo la mwisho,
akaingia stoo, akakaa, akarudi nalo:
jekundu, pindo limechanika.
Nikalilipia kwa aibu.
Ndilo utakalojifutia.

Na kwenye mashine bei itapanda tena mbele ya macho yako.
Ni kodi. Rafu haikuitaja.
Binti wa mashine hana kosa.

Samaki wako ghatini.
Kambamti wamefungwa mipira kwenye makucha,
wanauzwa kwa ratili, tunawatazama tu.
Mwombe Everett vichwa vya samaki.
Anatoa bure, anadhani nafuga paka.
Mwache adhani.
Paka wangu ni wanne, wanasoma darasa la pili hadi la saba,
na wanapenda pilipili.

Sombe ipo kwa Warsame, kwenye friza,
ngumu kama tofali.
Ukiitia chunguni inachukua muda kukumbuka kwamba ni jani.

Kuna duka la mitumba, wifi, kubwa kuliko kanisa letu.
Nilipoingia mara ya kwanza nilisimama mlangoni
mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.
Unakumbuka Uvira, robota likikatwa kamba,
tulivyonyang'anyana ile fulana ya kijani
yenye jina la shule tusiyoijua?
Shule yenyewe naipita kila siku kwa basi.
Ina ukuta wa matofali, na mti mmoja mgonjwa.
Watoto wanatoka saa nane na nusu wakipiga kelele.
Nimetafuta fulana nyingine kama ile. Sijaipata.
Labda ile yetu ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Tunza risiti.
Hili nalisema polepole: tunza risiti.
Nilinunua blanketi, likanitoa vipele,
nikalirudisha nikiwa na maneno ya kujitetea tangu nyumbani.
Hawakuyahitaji. Walitazama karatasi, wakahesabu noti,
wakaniambia siku njema.
Usiku ule sikulala.
Nilikuwa napiga hesabu ya vitu vyangu visivyo na risiti:
cherehani. Bati kumi na nne za nyumba ya mama.
Kaka yangu, mumeo,
aliyesema anakwenda dukani mara moja.

Basi.

Usiniletee nguo, usiniletee kahawa.
Nenda kwa huyo Jurema, mbane kwa mara ya mwisho,
uniletee chupa moja ya mafuta wanayoyaita dendê,
ambayo mimi na wewe tunayajua tangu mgongoni mwa mama
kuwa ni mawese.
Ivishe soksi mbili.
Wakikuuliza uwanjani, sema chakula;
usiseme dawa, hata kama ni kweli.

Wananiita mbele. Chaji imebaki mbili.
Glavu, wifi.
Glavu kwanza.