Mshale wa Ijumaa

Upepo wa Trieste unaitwa bora,
na si bora kwa yeyote.
Februari manispaa hufunga kamba kando ya njia
watu washike wasipeperuke.

Mimi nimeajiriwa kuchora.
Si bahari wala sura za watu:
nachora programu za kampuni ya bima,
kila programu kisanduku, kila kisanduku jina,
na mishale katikati, tujue nani humlisha nani.

Kampuni yenyewe haigusi magari wala nyumba.
Inabeba dhima ya fidla za miaka mia tatu,
ya farasi dume wa Lipica,
ya fataki za harusi,
ya ulimi wa Dario Pertot, mwonja kahawa,
ambao ukiungua tunalipa.

Nimepita meza kwa meza kama karani wa sensa.
Inaitwaje? Inafanya nini?
Ikizimika usiku, nani atalia?
Nimehesabu arobaini na moja.
Moja iliandikwa mwaka wa themanini na saba
na kijana ambaye sasa ni babu;
hakuna anayeijua, hakuna anayethubutu kuizima,
wanaizunguka kwa kunyata.

Merkur hupima hatari. Lanterna hutoa hati.
Kati yao nikachora mshale,
mnyoofu, kichwa cheusi: *bei, kila Ijumaa.*
Fulvio Stancich, mkuu wa idara, akasema: safi.

Safi, lakini bei hupitia waya gani?
Mafundi wakatazamana.
"Hupita tu," akasema mmoja.
"Miaka yote hupita."

Ijumaa nikaufuata mshale.
Ukateremka ngazi, ukapita stoo ya karatasi,
ukaishia kwenye chumba chenye dirisha linalogongwa na upepo,
na ndani, miwani puani, Egle Furlan,
miaka sitini na minne,
skrini mbili mbele yake kama vyungu viwili mekoni,
anachota huku, anamimina kule,
tarakimu kwa tarakimu, mistari mia mbili na kumi na sita,
ameikandamiza kwa rula ya mbao isimponyoke.

"Fidla hii ya Gorizia si kweli,"
akasema bila kugeuka.
"Mashine inasema laki tisa.
Mwenyewe kaiangusha mwaka juzi, ina ufa chini ya daraja.
Mimi huandika saba."

Nani alikwambia?
"Yeye. Alipiga simu akilia."

Na umeiandika wapi habari hiyo?
Akagusa kipaji cha uso kwa ncha ya rula.

Nikarudi mezani.
Kanuni za uchoraji wetu zina alama ya programu,
alama ya data, alama ya seva,
hata ya mtu: kijiti chenye kichwa, hakina miwani.
Hazina alama ya mshale unaokumbuka.
Hazina alama ya mshale
unaostaafu mwezi wa sita.

Nikajaribu kisanduku: EGLE.
Hali: inatumika. Toleo: moja tu.
Mwenye dhamana:
hapo kalamu ikakwama,
nikafuta kwa aibu, kama niliyemvua mtu viatu usingizini.

Usione vyaelea, vimeundwa, walisema.
Hawakusema kuna vingine
vyaelea kwa kushikiliwa.

Jumatatu nikatundika mchoro ukutani.
Visanduku arobaini na kimoja, mishale tisini na ushei,
yote imenyooka kwa mashine
ila mmoja nilioupitisha kwa mkono wangu,
unayumba, wino umevimba pale nilipopumua.

Fulvio akasogea hadi pua yake ikakaribia karatasi.
"Huu umepinda."

Teremka nao, nikamwambia.
Ghorofa ya chini, Ijumaa, baada ya saa nne.
Ubishe hodi kwanza.