Karatasi Isiyofungia Karanga

Maisha yangu yote nimesoma vifungashio.
Nusu ukurasa wa karanga, robo ya maandazi,
gazeti la mwaka juzi lenye doa la mafuta
pale hasa mwizi alipotaka kutajwa jina.
Harusi nyingi nimeziacha kanisani,
bwana harusi kashika shela, karatasi ikaishia hapo.
Nilikuwa nikirudi kwa muuza karanga: "Kipande kingine unacho?"
Naye: "Mama Nkwimba, nunua karanga basi."

Mwaka huu dagaa walikubali.
Giza la mwezi wa sita taa zilijaa ziwani
kama mtaa mzima umehama Igombe usiku,
nami nikatenga thamani ya ndoo kumi na mbili, kimya,
nisimwambie hata Bugalama, mume wangu,
anayeamini pesa isiyonunua bati imepotea.

Mtaa wa Rufiji, duka la kijana aitwaye Lusato.
Nilitaka kisomeo. Neno hilo nilikwenda nikilirudiarudia njiani
lisije likanitoroka mlangoni.
Akanitolea kishikwambi, kinang'aa kama tumbo la sangara,
kinapiga picha, kinaimba, kinaonyesha mpira.
Mwanangu, nikasema, makelele ninayo ya kutosha.
Akataja gigabaiti. Hiyo ni ndoo ngapi?
Akafikiri. "Vitabu elfu tatu, mama, na hakijai."
Nikaomba kigoda.

Vikaja viwili mezani, vyembamba, havina mbwembwe.
Cha kwanza unakigusa kwa kidole, ukurasa unageuka.
Nikagusa. Haukugeuka.
Nikagusa tena. Akagusa Lusato, kikamtii.
Nikaitazama mikono yangu:
miaka ishirini na miwili ya kugeuza dagaa juani
imekula mistari ya vidole;
hata siku ya kitambulisho mashine ilinikataa mara tatu.
Sikuona haya. Niliona haya kidogo.
"Na hicho kingine?"
Kimetumika, kona imechubuka, taa hakina,
lakini ubavuni kina vitufe viwili,
mbele na nyuma.
Nikabonyeza. Tep.
Ukurasa ukaja.

"Usiku hutaona kitu, mama."
Wewe hukai Igombe, nikamjibu.
Kwetu ukiwasha taa, wale wadudu wa ziwani huinuka kama moshi,
wakaingia kwenye chai, puani, ndani ya sala.
Mimi nitasoma mchana. Simu ya mwanangu juani
hugeuka kioo, nikaona mvi zangu tu;
hiki, jua likizidi kuwaka, herufi nazo zinakaza.

Tulivutana hadi ndoo kumi na moja na nusu.
Katika chenji nikanunua karanga,
karatasi nikaitupa bila kuisoma.
Uongo. Niliisoma.

Bugalama alikipima kiganjani. "Na bati?"
Siku ya nne nilikikuta nyuma ya chanja,
herufi zimekuzwa, ukurasa mzima maneno tisa.
Sikuuliza.

Kitabu changu cha kwanza kina mwanamke
anayetafuta kaburi la baba yake.
Kurasa hazina unene, kidole gumba hakijui kilichosalia;
chini tu kuna namba, inapanda kama maji ya masika:
arobaini, sabini na moja, themanini na tisa.
Leo saa saba mchana imefika tisini na sita.
Kaburi ameliona. Kuna mtu ameketi juu yake.
Hapa hakuna mafuta, hakuna aliyechana,
na mtu yule anaanza kugeuza uso.

Nikatoa kidole kwenye kitufe.
Nikakifunika kisomeo kwa kanga,
nikaenda kugeuza dagaa
niliokwisha kuwageuza.